Kahawa ya kambini na ya safari za uvuvi: tuelekezane namna ya kuipika

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimeamua kuleta uzi huu kwa sababu jambo hili limenikera miaka mingi. Safari ya kuvua tunaiandaa wiki nzima: ndoana zinapangwa kwa ukubwa, mishipi inakaguliwa, hema linaanikwa juani, chambo kinatafutwa kwa bidii. Ikifika alfajiri ya kwanza kambini, kahawa inamwagwa kwenye sufuria inayotokota, inaachwa ichemke mpaka mtu akumbuke kuiepua, kisha kila mmoja anakunywa huku anatema mashapo. Halafu tunaambizana kwamba kahawa ya porini ndivyo ilivyo. Mimi nakataa. Kahawa ya kambini inaweza kuwa nzuri sawa na ya nyumbani, na sufuria moja inatosha.

Kosa langu lilikuwa moja, nami nililirudia safari baada ya safari: nilikuwa naichemsha kahawa yenyewe. Kinachotakiwa kuchemka ni maji. Unga ukitokota humo, moto unakamua kila kilichomo, pamoja na ule uchungu unaokausha ulimi, na harufu nzuri inaondoka na mvuke. Ndiyo maana kambi nzima inanukia kahawa, lakini ukionja kikombe unakuta uchungu mtupu.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja niliyekuwa navua naye. Maji yalipochemka aliepua sufuria, akaiweka chini, ndipo akafungua kopo la kahawa. Nikamwambia, "Mzee, moto bado upo." Akanijibu, "Moto umeshamaliza kazi yake." Tangu siku hiyo nafuata njia yake, na vipimo nimeviongezea mwenyewe.

Kwa lita 1 ya maji natia gramu 60 za kahawa. Porini hakuna mizani, kwa hiyo nahesabu vijiko vya chakula 12 vilivyosawazishwa, maana kijiko kimoja hubeba kama gramu 5. Maji yakichemka naepua na kusubiri nusu dakika, yashuke kidogo kutoka nyuzi 100. Kahawa inapenda maji ya nyuzi 90 hadi 96. Namwaga unga, nakoroga taratibu mpaka wote ulowe, nafunika, nasubiri dakika 4. Nikifunua nakuta utando mzito juu. Huo ni unga ulioelea kwa sababu una hewa ya ukaa iliyobaki ndani yake tangu ulipokaangwa. Nauvunja kwa kijiko, hewa inatoka, unga unaanza kuzama. Hapo nanyunyizia maji baridi, vijiko viwili vitatu tu, nasubiri dakika 2 nyingine, kisha namimina polepole bila kutikisa. Kiasi cha kidole kimoja chini ya sufuria sikigusi kabisa. Hapo ndipo mashapo yalipolala, na tamaa ya kumaliza hilo tone la mwisho ndiyo inayoharibu vikombe vya watu.

Usagaji nao ni muhimu. Kwa njia hii unga uwe wa chengachenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Ukiwa laini kama vumbi hautazama na uchungu utazidi.

Karibuni mlete njia zenu. Wenye mitumbwi na boti nawasubiri hasa, maana huko mimi bado sijafika pazuri.

#2

Mkuu, asante kwa uzi. Nina swali. Mimi si mvuvi, napanda milima. Nikiwa juu kabisa nachemsha maji yanatokota vizuri tu, natia kahawa kwa kipimo kilekile cha nyumbani, lakini inatoka nyepesi na ina uchachu. Nimebadilisha kahawa aina tatu, hali ni ileile. Tatizo nini?

#3

Mkuu #2, kahawa yako haina kosa. Kosa ni urefu wa mlima.

Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa unapungua na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Chukua hesabu ya nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi. Ukiwa mita 3,000 maji yanatokota kwenye nyuzi 90, na mita 4,500 yanatokota kwenye 85 au karibu na hapo. Hata ukiyachochea moto saa nzima, hayapandi zaidi ya hapo. Sasa ukifuata maelezo ya mleta uzi ya kusubiri nusu dakika, unamimina maji yaliyopoa kwenye kahawa inayotaka joto. Utamu unabaki kwenye unga, wewe unakunywa ule uchachu unaotangulia kutoka.

Huko juu usisubiri. Zima jiko, mwaga unga papo hapo, funika, na uizungushie sufuria sweta au kitambaa kizito. Saga laini kidogo kuliko kawaida, na badala ya dakika 4 mpe 6 au 7. Kikombe nacho kisuuze kwa maji ya moto kabla ya kumimina, kwa sababu kikombe cha bati kilicholala nje usiku kinanyonya joto lote kwa mkupuo mmoja.

Mkumbuke tu kanuni ya ulimi: kahawa ikiwa chachu na nyepesi, haijatoka vya kutosha, iongezee joto, muda au usage laini. Ikiwa chungu na inakausha mdomo, imetoka kupita kiasi, fanya kinyume chake. Ukishika hilo, kila sufuria inakufundisha ya kesho.

#4

Mimi ndiye wa boti. Tunatoka saa tisa usiku, hivyo kahawa naipika nyumbani na kuijaza kwenye chupa ya chai. Kikombe cha kwanza saa kumi kiko safi. Saa moja asubuhi, samaki wameanza kula na mwili unaitaka, kahawa imeshageuka: bado ya moto, lakini ina ladha ya kitu kilichochakaa, chachu na chungu kwa pamoja. Nimenunua chupa ya bei kubwa zaidi nikidhani ile ya kwanza ni mbovu, na kahawa inageuka vilevile.

#5

#4, hiyo chupa ya bei kubwa ndiyo inayokutunzia joto linaloiharibu kahawa. Kahawa iliyokwisha pikwa haitaki kukaa kwenye joto kali muda mrefu. Harufu inapotea, na tindikali zilizomo zinaendelea kuvunjika na kuzaa ladha hiyo unayoisema. Saa moja haina neno, ya pili unaanza kuonja mabadiliko, ya nne usitarajie kitu.

Fanya hivi: usibebe kahawa, beba maji ya moto. Kwanza ijaze chupa maji yanayochemka, ifunge, iache dakika 5 ili kuta zake zishike joto. Mwaga hayo, kisha tia mengine yanayochemka. Kahawa ipime nyumbani, kipimo cha kikombe kimoja kimoja, kila kipimo kwenye kijifuko chake kinachofungwa vizuri. Saa moja asubuhi unamimina na kupika kikombe kipya palepale, kwa kichujio kidogo au kwa birika la kusukuma (French press), lile lenye chujio linalosukumwa chini. Saga laini kuliko kawaida kwa sababu maji yatakuwa yamepoa kidogo.

Nakuomba sana, na wengine wenye boti msikie: msiwashe jiko kwenye boti ndogo yenye injini ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya boti, na hauonekani. Sasa chukua hilo pamoja na wimbi linalosukasuka na sufuria ya maji yanayotokota. Mwenzetu mmoja aliungua paja kwa maji ya chupa tu, alikuwa anamimina huku amesimama. Kaa chini, kikombe kiweke sakafuni katikati ya miguu, usikishike mkononi.

#6

Naomba niseme jambo kwa heshima. Mimi natumia kahawa ya unga unaoyeyuka, ile ya kukoroga tu. Natembea kwa miguu siku nne tano na begi mgongoni, kila gramu naihesabu. Sina mashapo ya kutupa, sihitaji sufuria ya pili, sisubiri dakika 4 kwenye mvua. Ladha yake si ya kushindana na ya mleta uzi, nakubali. Lakini ninachojifunza hapa, hasa habari ya joto la maji na kikombe kilichopashwa, kinaifaa hata hii yangu. Ninachofanya ni kuikoroga kwanza kwa maji ya baridi kidogo mpaka iwe kama uji mwepesi, ndipo naongeza ya moto. Inatoka laini kuliko kumwagia maji yanayotokota juu ya chenga kavu. Nachagua pia ile iliyokaushwa kwa kugandishwa, yenye vipande vyenye ncha, kwa sababu inabaki na harufu kuliko ile ya vumbi.

#7 · Mleta uzi

#6, sina ugomvi na hilo hata kidogo. Mtu anayetembea siku tano ana haki ya kupunguza mzigo, na hiyo ya kukorogea maji baridi kwanza nitaijaribu.

#8

Mmesema joto, mmesema usagaji, lakini hakuna aliyegusa maji, na kahawa karibu yote ni maji.

Maji ya mtoni au ziwani lazima yachemke kwelikweli kabla ya kuitwa maji ya kahawa. Kuona vipovu vya kwanza hakutoshi. Yaache yatokote dakika 1 nzima, na mkiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika 3. Kwa hiyo yule anayepika kwa haraka, anayeepua mara tu sufuria inapoanza kuimba, anahatarisha tumbo la kambi nzima. Na kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakuondoi chumvi, wala dawa za mashambani, wala uchafu wa migodini. Ukiwa chini ya mashamba makubwa au machimbo, beba maji yako.

Maji yenye tope yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi teka ya juu na uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo uchemshe. Tope likiingia kwenye kahawa linafunika ladha yote.

Kisha kuna wale wa vidonge vya klorini. Najua harufu ile, inaua kahawa. Kwanza subirini muda ulioandikwa kwenye pakiti uishe, msiukate. Baada ya hapo chemsheni bila kifuniko, sehemu kubwa ya harufu inaondoka. Ikibaki, chembe kidogo ya vitamini C ya unga inaimaliza. Lakini iwe baada ya kidonge kumaliza kazi, kwa sababu vitamini C inaizima dawa yenyewe, na ukiitia mapema unakunywa maji ambayo hayajasafishwa.

#9

Nami nataka kumpinga mleta uzi kidogo. Hiyo ya kunyunyizia maji baridi nimeijaribu mara nyingi na kila mara nimepata mashapo mdomoni, labda kwa sababu napata kahawa iliyosagwa tayari, laini. Mimi natumia mfuko wa kitambaa. Nimeshona mwenyewe kwa pamba nyeupe isiyo na rangi, umbo la soksi fupi, mdomoni nimepitisha waya. Natia kahawa, natumbukiza kwenye maji yaliyoepuliwa, dakika 5, nautoa, naukamua kwa kijiko bila nguvu. Sufuria inabaki safi, na hakuna mtu wa kulinda kidole cha mwisho.

Ila mfuko unataka adabu. Kabla ya kuutumia mara ya kwanza uchemshe kwenye maji matupu, la sivyo utakunywa ladha ya kiwandani. Usiufue kwa sabuni hata siku moja. Usuuze kwa maji ya moto, uanike ukauke kabisa. Ukiufungia ukiwa mbichi, mafuta ya kahawa yaliyobaki humo yanachacha, na safari ijayo yanaonja kwenye kila kikombe.

#10 · Mleta uzi

Dada, umenishinda kwa hoja. Kwa kahawa laini mfuko unafaa kuliko njia yangu, nakubali bila kinyongo. Njia yangu inataka chengachenga, na ndiyo maana nabeba mashine ndogo ya kusagia ya kuzungusha kwa mkono. Sababu nyingine ni kwamba kahawa ikishasagwa harufu yake haikai. Punje nzima zinavumilia wiki kadhaa tangu kukaangwa, unga unaanza kupoa siku ileile. Kama mtu hana mashine, asage usiku wa kuamkia safari, si wiki moja kabla.

#11

Kuhusu vifaa, maana najua kuna watakaouliza anunue nini.

Kichujio cha karatasi ndicho chepesi kuliko vyote na kinatoa kahawa safi isiyo na mafuta. Mwanzilishi wake ni mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz. Mwaka 1908 alitoboa matundu kwenye chombo cha shaba, akatandika karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, kwa sababu alichoshwa na mashapo kama sisi. Kasoro yake kambini ni upepo. Kahawa inapoa wakati inachuruzika, na karatasi iliyolowa unatakiwa urudi nayo.

Birika la moka, lile ambalo mvuke unasukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa, lililoanza kutengenezwa Italia mwaka 1933 na Alfonso Bialetti, linatoa kahawa nzito na halivunjiki. Wengi wanalilaumu kwa uchungu, lakini wao ndio wanaoliunguza. Tia maji ya moto tayari, yasipite ile valvu ndogo ya pembeni. Jaza kahawa bila kuikandamiza. Moto uwe mdogo. Likianza kukoroma na kutoa povu jepesi, epua mara moja na upoze kitako chake kwa kitambaa kilicholowa. Na usiliweke juu ya kuni zinazowaka, mpini wa plastiki unayeyuka. Nimeshuhudia.

Birika la kusukuma la kioo liacheni nyumbani. Kama mnalipenda tafuteni la chuma.

Ninachokipenda mimi ni AeroPress, ile bomba ya plastiki ya kukamua kahawa kwa kusukuma kwa mkono, ya Alan Adler wa Marekani, iliyotoka mwaka 2005. Haivunjiki, inasafishwa kwa kusukuma tu, mashapo yanatoka yakiwa kidonge kimoja kikavu. Kwa mtu mmoja au wawili sijaona kinachoishinda. Kwa watu sita ni mateso, maana unapika kikombe kimoja kimoja huku wengine wanakutazama. Hapo rudini kwenye sufuria ya mleta uzi.

#12

Moto wa kuni nao mwuseme. Maji yanachukua moshi. Funikeni sufuria tangu mwanzo, na pikieni juu ya makaa yaliyoiva, si juu ya ndimi za moto. Kabla ya kuitenga kwenye mafiga, pakeni sabuni ya mche upande wa nje wa sufuria. Masizi yatatoka kwa kusuuza tu.

Wa majiko ya gesi: kwenye baridi kali mtungi mdogo wenye butani tupu unazimika, kwa sababu butani inaacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0. Nunueni wenye mchanganyiko wa propani, na usiku mlale nao ndani ya mfuko wa kulalia. Kinga ya upepo iwekeni, lakini msiuzungushie mtungi pande zote, utapata joto kupita kiasi.

Na hili nalisema kwa uzito wote: msipike kahawa ndani ya hema. Mvua ikinyesha, baridi ikizidi, bado msipike. Jiko linatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Asubuhi moja ya mvua wenzangu wawili walipika ndani na mlango umefungwa, nikawakuta wanalalamika kichwa na kichefuchefu, mmoja anasema ana usingizi wa ajabu. Tuliwatoa nje wakapata nafuu. Wangekuwa peke yao sijui tungesema nini leo.

#13

Nyongeza za mvuvi. Kahawa inanyonya harufu ya jirani yake, kwa hiyo kopo lisikae kwenye mfuko mmoja na chambo, hata kama mnadhani limefungwa. Mashapo yaliyotumika msiyatupe mtoni wala ziwani, rudini nayo kwenye mfuko wa taka. Ila kabla hamjayafunga, sugueni nayo mikono baada ya kuparua samaki, kisha suuzeni mbali na mto au ziwa. Harufu ya samaki inapungua sana, kuliko kwa sabuni peke yake.

Na jua likipanda, boti haina kivuli, nani anataka ya moto? Usiku wa kuamkia safari loweka kahawa ya chengachenga kwenye maji baridi, gramu 100 kwa mililita 800, saa 12 hadi 16 mahali penye ubaridi. Chuja, beba kwenye kisanduku cha barafu, sehemu yenye chakula na si yenye samaki. Wakati wa kunywa ongeza maji kiasi hichohicho. Haina ukali, na hakuna moto wowote kwenye boti.

#14 · Mleta uzi

Narudi na mrejesho. Jumamosi nilialikwa kwenye boti nikafuata maelekezo ya #5 kama yalivyo: chupa nikaipasha, maji nikayajaza kiasi cha nusu kwa kuwa tulikuwa wawili tu, kahawa nikaipima kwenye vijifuko. Kikombe cha saa kumi na moja kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kunywa majini. Cha saa mbili kilitoka chachu, maji yalikuwa yamepoa kuliko nilivyotarajia. Chupa ni nzuri, kifuniko kilifungwa vizuri. Nimekosea wapi?

#15

Mkuu, umeijaza nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa hewa, na kila ulipofungua ulitoa hewa ya moto ukaingiza ya baridi, na maji yenyewe ni machache, hayana joto la akiba. Mkiwa wawili chukua chupa ndogo uijaze mpaka shingoni, au beba mbili ndogo na ile ya pili usiiguse mpaka saa ya kikombe cha pili.